Siku Sangara Walipokuja Ufukweni

Kabula mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kuaga kwa Mama Shija, na najua hamtarudi mapema, kwa sababu kwa Mama Shija hakuna mtu anayeaga akiwa amesimama. Nyumba imetulia. Begi lako liko hapa sebuleni karibu na mlango, limejaa hadi zipu imegoma kufika mwisho. Nimevuta kiti mpaka dirishani, jua la jioni linaingia vizuri, nikaona niandike haya sasa, maana nikisubiri kukuambia kwa mdomo nitaishia kuongea habari za basi.

Mambo ya sweta, dawa za malaria, namba ya shangazi yako wa Dar es Salaam na vyakula vya njiani, mama yako ameshayasema yote, mengine ameyarudia. Mimi huko siendi. Nataka kukuandikia habari za maji, kwa kuwa ndiyo kazi unayokwenda kuifanya. Maji yamenifundisha karibu kila ninachokijua tangu niwe mtu mzima, na mara nyingi yalinifundisha baada ya mimi kukosea.

Unajua sikuzaliwa hapa Chato. Nimekulia upande wa Shinyanga kwa bibi yako, kwenye nyumba ya ng'ombe na vumbi, ambako maji yalikuwa yale ya lambo tu, na mtu akisimama kuyatazama, alikuwa anakadiria kama yatafika mpaka mvua nyingine. Nikiwa kijana nikaenda kuchimba dhahabu kwenye maduara ya upande wa Bulyanhulu, mashimo yale tuliyokuwa tunashuka kwa kamba huku mwenzako juu ameshika maisha yako mkononi. Kule nilijifunza kwamba dhahabu haitembei. Ukiupata mwamba wake unaufuata. Ukikupotea unachimba zaidi palepale, kwa sababu ukiondoka, atakayekuja baada yako ndiye atakayeukuta. Fikra hiyo iliniingia mpaka kwenye mifupa. Nilidhani ndiyo akili ya kutafuta kitu chochote duniani.

Kuja huku ilikuwa kama mchezo. Duara letu lilijaa maji ya mvua, tukakaa bila kazi, na rafiki yangu mmoja alikuwa anakuja Chato kununua dagaa wa kwenda kuuza mgodini. Nikamfuata ili nimsaidie kubeba magunia. Kwenye mwalo, pale boti zinapotia nanga na samaki wanaposhushwa, nikamkuta binti wa Kizinza anaanika dagaa kwenye vichanja. Mimi nikitaka kuonekana mtu anayejua mambo, nikamuuliza kama dagaa hawa ndio watoto wa sangara. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Binti huyo ndiye mama yako, na hadithi hiyo umeisikia kwenye kila sherehe ya ukoo wake, kila mara nikiwa mjinga kidogo zaidi ya mara iliyopita. Sijawahi kuikanusha. Swali la kijinga lilinipatia mke na familia, na kama ningekaa kimya siku ile nikijifanya najua, ningebeba magunia yangu na kuondoka.

Tulipooana nikaanza uvuvi na Zakaria, yule Mkerewe mrefu aliyekuwa akikubeba mabegani ulipokuwa mdogo. Yeye alizaliwa na maji, mimi nilikuwa na nyavu mpya na ubishi mwingi. Siku za mwanzo tulitega karibu na yale mawe makubwa nje ya ghuba, tukapata sangara wengi hadi mtumbwi ukawa unaingiza maji ukingoni. Nikajua nimeupata mwamba. Kesho yake nikataka palepale, na wiki iliyofuata palepale. Samaki wakapungua, nikasema tutege chini zaidi. Wakapungua tena, nikaongeza nyavu. Msimu mzima ulipita hivyo. Zakaria hakubishana nami. Alikuwa anapiga kasia mpaka ninapotaka, tunatupa nyavu, anakaa zake anatazama ndege walivyojazana upande mwingine kabisa wa ghuba.

Siku moja nilichoka, nikamuuliza kwa nini samaki wameyakimbia yale mawe. Akanitazama kama mtu aliyesubiri swali hilo muda mrefu.

"Masanja," akaniambia, "wale hawakuwekwa pale. Walikuja kula. Chakula kimehama, na wao wamehama."

Kisha akanionyesha. Wale mnandi, ndege weusi wanaopiga mbizi, walikuwa wamekaa juu ya dagaa. Dagaa walikuwa wamefuata vidudu vidogo vya majini, na vile vidudu vilikuwa vimesukumwa huko na upepo wa siku zilizopita. Sangara alikuwa chini yao wote, anangoja. Tulipopiga kasia kwenda huko tulikuta maji yana rangi nyingine, na hata harufu nyingine. Nilikuwa nimepita juu ya maji kwa msimu mzima nikidhani maji ni kitu kimoja tu.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba baba unayemwona leo anaonja maji kwa kidole kabla ya kutega, na ambaye wenzake wanamwita mganga kwa utani, alianza akiwa hajui lolote. Zakaria amesharudi Ukerewe kwa wajukuu wake. Nilimpigia simu kumwambia unakwenda baharini, akataka kujua kama huko nako kuna mnandi.

Ulipokuwa mtoto ulipenda kukaa pale kwenye mawe ya ufukweni ukiwatazama hao ndege. Uliniuliza wanajuaje mahali pa kwenda. Nilikujibu kwamba wamezaliwa hivyo. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kurudi kwenye nyavu zake, na nilisahau kwamba nimekujibu. Wewe hukusahau. Ulikwenda nalo shule, ukalipeleka mpaka chuoni, ukarudi likizo na jibu lako mwenyewe, na ukatuonyesha jikoni.

Nakumbuka ile bilauri ya kioo. Ulimwaga maji ya mtungi nusu, halafu ukatiririsha chai ya rangi iliyo moto juu yake, taratibu, kupitia mgongo wa kijiko. Mama yako alikuwa anakugombeza kwa kuharibu chai. Lakini ile chai ilikaa juu, nyekundu, na maji baridi yakabaki chini, meupe, kama yamewekewa sakafu. Ukatuambia ziwa ndivyo linavyokuwa wakati wa joto na utulivu. Maji ya juu yanapata hewa. Ya chini hayapati, na kila kinachokufa kinazama huko kuoza na kuimaliza hewa iliyobaki. Kisha ukapuliza kwa mdomo upande mmoja wa bilauri, na tukaona chai ikijisogeza upande wa pili, na maji meupe yakapanda karibu yako. Mama yako akaacha kugomba. Akasema kwao waliita hali hiyo ziwa kujigeuza kitandani, ila hakuwahi kuonyeshwa kitanda chenyewe. Mlikaa mkiongea mpaka ugali ukaungua, nami niliula bila neno, nikifurahi.

Sasa nije kwenye ile siku, kwa sababu nimekuwa nikiisimulia mwaloni mara nyingi, lakini wewe sijawahi kukusimulia upande wangu.

Tulipoanzisha vizimba vya kufugia sato, mimi, Mama Shija na wenzetu wachache, mimi ndiye niliyechagua mahali. Nilichagua ndani ya ghuba kwa sababu kuna utulivu, mawimbi hayafiki, na mlinzi anaweza kuviona vizimba akiwa ufukweni. Wewe ulikuwa umemaliza chuo na kurudi nyumbani, ukaniambia ungependa viwe nje kidogo, kule maji yanakotembea. Nikakujibu kwamba huko kuna dhoruba na wezi. Nilikuwa na hoja, Kabula, nami mpaka leo naona nilikuwa na hoja. Lakini nilikuwa pia na ile akili yangu ya duarani, kwamba kitu ukishakipata unakizungushia ua, basi kimekuwa chako. Mzee Bundala, jirani yetu, alikuwa ameweka vya kwake hapohapo, na hilo nalo lilinipa moyo.

Mwaka ule joto lilikaa sana. Ghuba ikawa kijani, nzito kama mlenda. Halafu upepo ukaanza kuvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, ukavuma mfululizo. Asubuhi moja nikasikia kelele mwaloni, kelele za furaha. Sangara walikuwa wamekuja ufukweni. Wakubwa, waliozoea kukaa kwenye kina, walikuwa wanaonekana migongo kwenye maji ya magotini. Dagaa walijaa kwenye matete mpaka wanawake wakawa wanawazoa kwa beseni. Mwewe walikuwa wengi angani, kwazi, tai wale wala samaki, wamekaa kwenye kila kigingi, na fisi maji alipita mbele yetu akiwa na samaki mdomoni bila kutuogopa. Watu walisema ni neema. Mimi nilisema hivyo kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa nimekunja suruali, nimeshika sangara kwa mikono yangu miwili kama mtu anayeshika ndama, na nilikuita uje uone.

Ulikuja ukaona. Hukucheka. Ulipanda mtumbwi na chupa iliyofungwa kamba na jiwe, ukaenda mpaka kwenye kingo za ghuba, ukarudi. Ukaniwekea ile chupa puani, maana mikononi nilikuwa na sangara mwingine. Maji yake yalikuwa baridi, na yalinuka yai bovu.

"Baba, hawa samaki hawajaja kwetu," uliniambia. "Wanakimbia."

Ulisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie kama utakuwa umekosea. Upepo ulikuwa umeyasukuma maji ya juu kwenda ziwani, na yale ya chini yasiyo na hewa yalikuwa yanapanda kuingia ghubani kujaza nafasi. Samaki wa ziwani walikuwa wanarudi nyuma mbele yake mpaka ardhi ikawazuia, na kila anayekula samaki, sisi tukiwemo, alikuwa amekuja kuwangojea hapo. Nilitazama vizimba vyetu. Sato wa ndani hawakuwa na mahali pa kurudi nyuma.

Nataka ujue nilichokisikia moyoni wakati ule. Sikuisikia hofu ya hasara kwanza. Nilisikia aibu ya kurekebishwa na mtoto wangu mbele ya watu, na aibu hiyo ilitaka kunifanya nikatae. Ilikaa muda wa kuvuta pumzi. Kisha ile harufu ya chupa ikanirudia puani, nikamweka yule sangara chini.

Tulikusanya boti. Ulitaka tuvivute vizimba vyetu viwili kwenda nje ya ghuba, ambako maji mazuri yalikuwa yamerundikwa. Mzee Bundala alitutazama tunafungua nanga, akasema ataona kesho. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na vizimba vingi kuliko sisi, na hakuwa na watu wa kuvivuta vyote. Mama Shija, ambaye mtaji wake wote wa miaka ya kuwapikia wachimbaji wa Buzwagi ulikuwa kwenye kile kizimba cha pili, alijifunga kitenge kichwani akapanda boti pamoja nasi. Hajui kuogelea mpaka leo.

Kizimba cha kwanza kilikubali. Kilisogea polepole kama ng'ombe mgonjwa, lakini kilisogea, na tulipofika nje tukaona sato wameshuka tena chini, wametulia. Tuliporudi kwa cha pili, nanga moja ilikuwa imenasa kwenye mawe. Tulivuta mpaka injini ikatoa moshi. Wewe ulizama mara kadhaa ukatoka macho mekundu, ukasema haifunguki. Na sato walikuwa wameanza kupanda, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga. Wavu wote ulikuwa midomo mitupu.

Wewe ulinitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama Shija, kwa sababu haikuwa haki yangu kusema.

Alikuwa ameshika ukingo wa boti, anawatazama wale sato. Halafu akasema, "Wakifia humu watakuwa wangu. Wakitoka watakuwa wa ziwa. Basi wawe wa ziwa." Akaniomba kisu. Nilitaka nimkatie, akakataa. Aliinama huku wewe umemshika kiuno, akaupasua wavu mwenyewe kutoka juu mpaka mkono wake ulipofika.

Walitoka kama maji yanayomwagika kwenye ndoo. Kwanza walizunguka boti, hawaamini, halafu wale wa mbele wakapata njia ya kuelekea nje, na wengine wakafuata. Mnandi waliwaona, wakaja. Kwazi naye akaja. Wengi wao hawakufika mbali. Lakini wengi walifika, na ulipiga makofi, Kabula, mtu mzima umelowa mpaka kichwani, unapiga makofi kama ulivyokuwa unapiga pale kwenye mawe ukiwa mtoto. Mama Shija alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Sijui ni lipi lilianza.

Kesho yake ghuba yote ilikuwa nyeupe kwa matumbo ya samaki. Mzee Bundala alikaa ufukweni bila kuvaa viatu. Tulikwenda sote, tukachimba mashimo, tukabeba samaki wake kwa matoroli siku nzima, na hakuna aliyemkumbusha alichosema. Jioni alikuuliza mwaka ujao aweke wapi vizimba vyake. Ulichora mchangani kwa kijiti, naye akachuchumaa akafuata mchoro kwa kidole. Wewe huenda umeshasahau. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yenu na toroli tupu, nikakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Na unakumbuka yaliyofuata. Kwa wiki nyingi wavuvi walikuwa wanaleta sato wenye ukubwa mmoja, wanene, na mwalo mzima ukawa unawaita sato wa Mama Shija. Yeye mwenyewe alikuwa anawanunua kwa ajili ya mgahawa wake na kudai apunguziwe bei kwa kuwa ndiye aliyewalea. Walimpunguzia. Kile kizimba kilichopona kilitusaidia sote kuanza upya, na yeye tulimpa fungu la kwanza.

Mwaka uliofuata ulituambia tena kwamba maji yanageuka. Tukaacha shughuli zetu, tukavuta vizimba vyote, vya Mzee Bundala pia, mpaka migongo ikauma. Hakikutokea kitu. Maji yalibaki mazuri, na sangara walikaa kwao. Ulisimama pale mwaloni mbele ya watu waliochoka, ukasema umekosea na ukaeleza ni wapi umekosea. Watu walinung'unika, wakacheka, wakaenda kunywa chai. Nilijivunia siku hiyo kuliko ile ya kwanza. Mimi nilihitaji msimu mzima kwenye mawe yale kusema ulichokisema wewe kwa dakika chache.

Ndiyo maana, baada ya hayo, nikawa nimeshapanga maisha yako bila kukuuliza. Nilikuwa nakuita meneja mbele ya watu. Nilimwambia fundi aongeze chumba kwenye banda la chakula cha samaki, kiwe ofisi yako. Ulipokuja jikoni ukatuambia umepata kazi ya kukaa kwenye meli za kuvua jodari, mbali huko kusikoonekana ardhi, upime maji na kuandika kila samaki anayepanda, mama yako alikukumbatia. Mimi niliuliza kama chai ipo. Kesho yake nikapanda basi kwenda Shinyanga, nikasema nakwenda kutazama ng'ombe.

Nilimkuta bibi yako anabangua karanga. Tukasalimiana, nikala, nikamweleza kila kitu, kwamba unaondoka, kwamba kazi ipo hapa, kwamba bahari ni kubwa na wewe ni mmoja. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulipotoka hapa kwenda kuchimba," akasema, "uliniuliza?"

Nikamjibu mama yangu, hapana, mayu.

Akaendelea na karanga zake. Wakati wa kurudi nikashuka Kahama, nikazunguka madukani mpaka nikapata zile buti za mpira, ngumu, za aina waliyokuwa wakivaa watu wa Buzwagi mgodi ulipokuwa bado unafanya kazi. Nilikupa bila maelezo. Ulizijaribu palepale mlangoni ukazunguka nazo nyumba nzima, na nadhani ulinielewa. Lakini usielewe tu, nataka usome: nenda. Nimefurahi unakwenda. Ilinichukua safari ya basi kujua kwamba nimefurahi.

Umenieleza kwamba huko nako mambo ni yaleyale, ila makubwa. Kwamba jodari anapenda maji ya vuguvugu na anashuka kwenye baridi kuwinda, halafu anapanda kujipasha joto. Kwamba upepo ukiyatingisha maji, chakula kinapanda, na nyuma yake wanakuja samaki wadogo, jodari, pomboo, papa na ndege, kila mmoja kwa zamu yake. Na kwamba kuna sehemu maji yasiyo na hewa yanapanda kutoka chini, yanawabana jodari na nduwaro, wale wenye pua ndefu kama mkuki, karibu na juu, ndoana zinawapata kirahisi, na mabaharia wanafurahi wakidhani bahari imejaa. Uliponiambia hilo nilijiona mimi na suruali yangu niliyoikunja, nimemshika yule sangara. Basi siku meli ikijaa ghafla, furahi na wenzako, usikae pembeni na uso wa mwalimu. Vuta nao kamba, kula nao. Halafu nenda ukapime maji.

Nahodha wako huenda akawa amevua jodari tangu hujazaliwa. Atajua mengi usiyoyajua. Muulize, hata maswali ya kuchekesha, maana unaona mimi yalinifikisha wapi. Na siku utakayoona jambo ambalo yeye hajaliona, mwambie kama ulivyoniambia mimi, mara moja, kwa sauti ya chini, na chupa mkononi. Akikataa, usimchukie. Kuna aibu inapita ndani ya mtu mzima, na wengine inawachukua muda kuimaliza. Mimi nilikuwa na bahati kwamba ilipita haraka siku ile. Siku nyingine haikupita.

Utakosea pia. Utaandika kwamba samaki watakuwa hapa, na watakuwa kwingine. Hilo lisikukoseshe usingizi.

Sitakwambia urudi lini. Vizimba vina watu. Mtoto wa Mama Shija ameanza kujifunza kushusha chupa, na Mzee Bundala anamsumbua kila asubuhi amsomee maji. Kile chumba nilichokuita ofisi yako mama yako amekichukua, ameweka magunia ya dagaa, na anasema hakitoi tena. Ukija kutusalimia utalala chumbani kwako kama zamani. Ukipata mtandao huko, mpigie mama yako kwanza, mimi baadaye. Yeye atajifanya hana wasiwasi, mimi nitajifanya nina kazi.

Nasikia sauti zenu njiani, na Mama Shija yuko pamoja nanyi, kumbe kuaga kumehamia hapa. Nifupishe. Bibi yako amepiga simu mchana huu ukiwa sokoni. Ameambiwa na watu kwamba maji ya bahari yana chumvi, yote, mpaka mwisho, na haamini. Anasema haiwezekani chumvi nyingi kiasi hicho ikae mahali na wafugaji wasihamie huko. Anaomba umletee chupa moja. Hataonja yeye, anasema mdomo wake umeshazeeka. Atawapa ng'ombe, na wao ndio atakaowasadiki.

Ni mimi baba yako,
Masanja